Waliorudisha Majembe

Imani ya Wakristo wa kiinjili ina nguzo chache ambazo mtoto wa kipaimara anaweza kuzikariri kwa jioni moja. Biblia ni neno la Mungu na ndiyo yenye kauli ya mwisho. Binadamu ni mwenye dhambi na hana uwezo wa kujiokoa. Yesu alikufa msalabani mahali petu, akafufuka. Mtu huokolewa kwa neema, kwa kuamini, wala si kwa matendo yake, na ni lazima azaliwe mara ya pili. Aliyeokoka hawezi kunyamaza. Nimefundisha historia katika shule za sekondari mpaka nikastaafu, na kila tulipofika kwenye sura ya wamisionari niliona vitabu vikiyataja mafundisho haya kama shehena iliyoshushwa bandarini, ikabebwa bara, ikapokelewa. Kwetu Kagera hayakuingia hivyo. Yaliingia pamoja na watu waliorudisha majembe.

Nasema majembe kwa sababu ndiyo niliyosikia yakisimuliwa zaidi. Kuanzia miaka ya 1930, Rwanda, Kigezi, Ankole na baadaye kwetu, watu walianza kubisha hodi kwa wenye mali wakiwa na jembe, mbuzi, shuka la hospitali, au fedha ya kodi waliyoikwepa zamani. Hawakuwa wamekamatwa. Mara nyingi mwenye mali alikuwa hata hajui kwamba aliibiwa. Walisema wameokoka, wakaomba radhi, wakaacha kitu mlangoni. Majirani waliwaona wendawazimu. Maofisa wa serikali ya kikoloni walishangaa, wakaandika. Ninachokiamini, na ndicho ninachotaka kukisimulia, ni kwamba desturi hii ya kuungama hadharani na kurudisha ndiyo shule iliyowafundisha babu na bibi zetu nini maana ya msalaba, kuliko chuo chochote cha theolojia.

Mwanzo wake ni Gahini, kituo cha misheni kilicho kilimani juu ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Wakuu wa misheni ile, Len Sharp na Algie Stanley Smith, walikuwa madaktari wa Kiingereza waliofika Kabale, Uganda, mwaka 1921. Mwaka uliofuata, chama chao cha kimisionari cha Kianglikana, CMS, kilipasuka huko Uingereza kwa ugomvi juu ya Biblia: je, inaaminika yote, au mwenye elimu anaweza kuchagua? Waliokataa kuchagua walijitenga wakaunda chama chao. Misheni ya Rwanda ilibaki ndani ya CMS, lakini ilidai na kupewa hakikisho kwamba itaruhusiwa kushika Biblia nzima. Wengi wa watu wake walikuwa pia wamelelewa katika mikutano ya Keswick, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza ambako tangu mwaka 1875 Wakristo wamekuwa wakikusanyika kila mwaka kufundishana kwamba hata utakatifu hupokelewa kwa imani, hauchumwi kwa jasho. Basi mafundisho yalikuwepo, tena safi. Ila mafundisho safi peke yake hayakumsaidia daktari kijana Joe Church, aliyefika Gahini mwaka 1928.

Alikuta njaa. Wanyarwanda waliiita Rwakayihura, na iliua watu wengi sana mwaka ule na uliofuata. Hospitali ilikuwa haijasimama vizuri, barabarani kulikuwa na watu waliokonda wakitafuta chakula kuelekea Uganda, na wahudumu wake mwenyewe walikuwa baridi, wakifanya kazi kwa sababu ya mshahara. Septemba 1929 daktari alikwenda Kampala akiwa amechoka roho na mwili. Nje ya kanisa kuu la Namirembe alikutana na Mganda mmoja aliyefanya kazi katika idara ya afya ya serikali, Simeoni Nsibambi. Mganda huyu naye alikuwa na kiu. Walikaa pamoja siku mbili wakifungua Biblia, wakifuatilia kila andiko linalomtaja Roho Mtakatifu, wakapiga magoti wakaomba. Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri. Church akarudi Gahini mtu mwingine.

Nataka msomaji apime uzito wa jambo hili. Ilikuwa 1929. Mzungu daktari na Mwafrika mtumishi wa serikali walipiga magoti sakafu moja, na baadaye yule Mzungu alikubali waziwazi kwamba kiburi cha rangi yake ni dhambi inayohitaji damu ileile inayohitajiwa na wizi wa mpishi. Fundisho la kwamba wote wametenda dhambi lilikuwa limesomwa makanisani miaka mingi. Ila kulisoma ni jambo moja, na bwana mkubwa kumwomba mhudumu wake msamaha mbele za watu ni jambo jingine kabisa. Katika nchi iliyotawaliwa na wageni hilo lilikuwa tendo zito kuliko hotuba nyingi za siasa.

Mhudumu mkuu wa hospitali ya Gahini alikuwa Yosiya Kinuka, mtu wa Ankole. Alikuwa mkali, hakupenda mahubiri, na wahudumu wenzake walimfuata yeye. Alitumwa kwa Nsibambi huko Kampala, na aliporudi alikuwa amevunjika. Alieleza mbele ya watu mambo aliyoyafanya. Hospitali ilitikisika, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba Yosiya akisema ukweli, wengine nao watatajwa na dhamiri zao. Pamoja naye alikuwepo Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyekuja Gahini kufundisha vijana. Hawa wawili, mhudumu na mwalimu, ndio waliolibeba jambo. Desemba 1933, mwishoni mwa mkutano wa mafundisho hapo Gahini, mtu mmoja alisimama katika maombi akaungama dhambi yake. Akafuata mwingine. Wakaendelea hivyo kwa zaidi ya saa mbili. Kutoka hapo desturi ilishika.

Blasio hakuishi kuiona ikienea. Alipewa ushemasi mwaka 1934, na Januari 1936 alisafiri kwenda Kampala akiwa na hoja tatu za kuiuliza sinodi ya Kanisa la Uganda: kwa nini kanisa limepoa, kwa nini watu wanaoishi dhambini waziwazi wanaruhusiwa kwenye Meza ya Bwana, na nini kifanyike ili kanisa liamke. Homa ya papasi ilimuua kabla ya kuziuliza. Sinodi ilizisikia bila yeye, na neno lake la Kiganda, Zukuka, yaani amka, likawa wito wa harakati nzima, iliyokuja kuitwa uamsho. Kwangu mimi hoja ya pili ndiyo yenye makali. Kijana wa chini ya miaka thelathini anawauliza wakuu wake kwa nini wanaukaribia mwili na damu ya Kristo kana kwamba msalaba haukuhukumu chochote.

Kanisa halikufurahi wakati wote. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi waliookoka walikuwa wakiamka kabla ya mapambazuko kuomba na kuhubiri, wakiwakemea wakufunzi na wenzao kwa dhambi na kwa theolojia iliyolegeza Biblia. Waliambiwa waache. Hawakuacha. Wanafunzi 26 walifukuzwa, akiwemo William Nagenda, ambaye baadaye alihubiri Ulaya, Asia na Amerika bila kupata daraja la upadre. Kuna wanaosema vijana wale walikuwa na kiburi, na sidhani kwamba hawakuwa nacho hata kidogo. Lakini ona walichofanya baada ya kufukuzwa: hawakuanzisha dhehebu. Walibaki katika makanisa yao ya Kianglikana, wakakaa viti vya nyuma, wakaendelea kushuhudia. Sehemu kubwa ya historia ya Ukristo wa Afrika ni historia ya kujitenga. Wandugu hawa, kama watu wa uamsho walivyoitana, kwa sehemu kubwa walikataa.

Kilichowashikilia ni ushirika, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wanaoandika habari za uamsho hupenda kuandika mikutano mikubwa na kuupita ushirika. Ushirika ulikuwa kikao cha kila juma, nyumbani kwa mtu au chini ya mti. Hakukuwa na mimbari. Mchungaji akifika alikaa kama wengine, na mwanamke asiyejua kusoma aliweza kumsahihisha. Walisoma kifungu cha Biblia, kisha kila mmoja alisema Bwana amemwonyesha nini tangu walipoachana. Hii waliiita kutembea katika nuru. Ushuhuda wa zamani haukutosha. Ukisimulia tu jinsi ulivyookoka miaka kumi iliyopita, mzee mmoja angekuuliza kwa upole, "Na leo, ndugu?" Mtu akiungama, walimwimbia Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ulioshikwa hata na watu wasiojua neno jingine la lugha hiyo, kisha wakamkumbatia. Halafu lilikuja swali la mali: ulichoiba kiko wapi, na utakirudisha lini?

Wazee walikuwa na timu. Timu ilishauri ndoa, ikapatanisha waliogombana, ikatuma wahubiri kwa miguu na kwa malori hadi nchi nyingine. Ilikuwa na ukali wake. Nimeona mabinti wakikemewa kwa kusuka nywele, na vijana wakizuiliwa kuchumbia kwa sababu wazee "hawakupata amani". Sitafunika hilo. Neema ikishakuwa na orodha ya mavazi imeanza kugeuka sheria, na wandugu waliolijua fundisho hilo kuliko wote walilisahau mara nyingi.

Kwetu Tanganyika moto ulivuka mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930, kupitia wandugu wa Uganda na Rwanda waliofika Katoke, kwenye chuo cha ualimu cha Waanglikana upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Haukukaa kwa Waanglikana. Walutheri wa Bukoba, ambao wamisionari wao wa Kijerumani waliondolewa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, waliupokea kwa nguvu, na kutoka kwao alitokea Josiah Kibira, aliyekuwa askofu mwaka 1964 na rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani mwaka 1977. Dodoma ulifika na mwalimu wa sekondari kutoka Kigezi, Festo Kivengere, aliyefundisha huko kwa miaka mingi na kuhubiri kila alipopata likizo. Ukifuatilia ramani hii utaona kwamba wabebaji walikuwa walimu, wauguzi, makarani na akina mama wa migombani. Wamisionari walikuwepo, ila si wao waliotembea njia nyingi.

Mama yangu alikuwa mmoja wa hao akina mama. Tulikuwa na kibanja cha migomba na mibuni, na kahawa tuliiuza kwa chama cha ushirika cha msingi. Kabla hajaokoka, Mama alikuwa na mazoea ambayo wengi walikuwa nayo: kuchanganya changarawe kidogo kwenye gunia ili mizani ipande. Jioni moja katika ushirika alilisema. Asubuhi alinichukua nimsindikize, nami nikiwa bado shule ya msingi, tukaenda kwa karani wa chama. Alimwekea mezani fedha aliyoikadiria, akasema ni ya mawe. Karani alikuwa mtu mwema lakini alichanganyikiwa. Alifungua kitabu cha mapokezi, akakifunga, akafungua tena. Hakukuwa na safu ya kuandika fedha ya mawe. "Mama Mwalimu," alimwambia, maana alimjua kwa kazi ya mume wake, "hii nikiiandika, wakaguzi wataniuliza ilitoka wapi." Mama akamjibu, "Waambie ilitoka msalabani." Hakuwa anafanya maigizo. Alimaanisha hivyo hasa.

Njiani kurudi nilimuuliza kama sasa Mungu amemsamehe kwa kuwa amelipa. Alisimama. Aliniambia kwamba alisamehewa jana, kabla hajatoa hata senti, na kwamba asingesamehewa asingekuwa na ujasiri wa kwenda kwa karani. Nimesoma baadaye vitabu vinene juu ya kuhesabiwa haki kwa imani na uhusiano wake na matendo, na sijakuta mahali palipoeleza mpangilio wake vizuri zaidi. Kwanza damu, kisha deni. Ukigeuza, unapata dini ya kujinunulia mbingu. Ukikata nusu ya pili, unapata watu wanaoimba juu ya damu huku gunia la jirani limejaa mawe.

Kenya, fundisho hilohilo la damu liligharimu uhai. Uamsho ulikuwa umeshika maeneo ya Kabete na Murang'a tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1949 Kabete ilipokea mkutano mkubwa wa wandugu. Miaka michache baadaye vita vya Mau Mau vilianza, na watu walilazimishwa kula kiapo ambacho ndani yake kulikuwa na damu ya mbuzi. Wandugu walikataa. Walisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo katika Meza ya Bwana na hawawezi kuchanganya. Wengi walipigwa, wengine waliuawa. Lakini wengi wao walikataa vilevile kushika bunduki za walinzi wa serikali, na kwa hiyo Waingereza nao hawakuwaamini. Najua wapigania uhuru walikuwa na haki ya kudai ardhi yao, na sitaki kutumia damu ya wandugu kuwahukumu. Ninachosema ni kwamba watu hawa walishika imani yao mahali ambapo pande zote mbili ziliwaona wasaliti. Kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote huko Murang'a lilijengwa kuwakumbuka, na ukutani mwake mchoraji Elimo Njau, mwana wa Marangu, alichora katika miaka ya 1950 maisha ya Yesu kuanzia kuzaliwa hadi kusulubiwa, Yesu Mwafrika katika milima ya Wakikuyu.

Mei 1955, huko Namirembe, Askofu Mkuu wa Canterbury aliweka wakfu maaskofu Waafrika wanne kwa siku moja. Miongoni mwao walikuwamo Obadiah Kariuki wa Kenya, ndugu wa uamsho tangu siku za mwanzo, na Yohana Omari wa Tanganyika, aliyekuwa Mwislamu kabla ya kumwamini Kristo. Watu waliokuwa wakiketi viti vya nyuma walipewa fimbo za kichungaji.

Siwezi kuandika haya nikairuka Rwanda. Mahali palipozaliwa uamsho ndipo palipomwagika damu ya watu zaidi ya 800,000 mwaka 1994, na wengi walioua walikuwa wamebatizwa. Wako waliosimama. Mchungaji Yona Kanamuzeyi, mtoto wa uamsho, aliuawa Januari 1964 kwa sababu aliwatunza Watutsi waliokimbilia kwake, na mwaka 1994 pia walikuwepo waliokufa wakikataa kutengana kwa kabila. Hata hivyo swali linabaki, na mimi jibu langu ni hili: ungamo lilikuwa limekuwa dogo. Tuliungama sabuni, chaki, hasira, tamaa. Hatukuungama chuki ya kikabila iliyoandikwa kwenye vitambulisho, wala hatukuwauliza wakubwa walioketi nasi ushirikani walifanya nini ofisini. Nuru iliangaza chumbani, sebuleni ikazimwa. Fundisho la kwamba kila mtu ni mwenye dhambi linamhusu pia waziri, na linahusu dhambi ambazo kijiji kizima hutenda kwa pamoja.

Mfano wa kuungama kukubwa tunao. Februari 1977 Idi Amin alimuua Askofu Mkuu Janani Luwum, ambaye aliokoka mwaka 1948 kupitia wandugu hawahawa. Festo Kivengere, wakati huo askofu wa Kigezi, alikimbia kwa miguu na mke wake kuvuka milima usiku hadi Rwanda. Alimchukia Amin, na alikuwa na kila sababu. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa ndani ya kanisa moja jijini London, alitambua kwamba chuki ile inamkausha. Aliiungama, akasamehe, na mwaka uleule akatoa kitabu chenye jina lililowaudhi watu wengi, I Love Idi Amin. Hakusema Amin hana hatia. Aliendelea kueleza dunia nzima mauaji yaliyokuwa yakifanyika Uganda. Askofu aliyepoteza rafiki na nchi alikuwa bado anajibu swali la ushirika: na leo, ndugu?

Kuanzia miaka ya 1970 wandugu waligawanyika wenyewe. Uganda walitokea Abazukufu, waliokataza mikopo na mapambo, wakisema waliobaki wamelala. Makanisa mapya yenye vipaza sauti nayo yalichukua maneno ya uamsho, kuokoka, ushuhuda, damu ya Yesu, yakayaweka juu ya mambo mengine: gari, viza, kupandishwa cheo. Ushuhuda wa siku hizi unasimulia nilichopata. Ule wa zamani ulisimulia nilichorudisha. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa nawapenda vijana wanaojaa humo na njaa yao ni ya kweli.

Ushirika wetu bado unakutana, wazee wengi, vijana wachache. Hivi karibuni kijana mmoja dereva wa bodaboda alisema kwamba abiria alisahau fedha kwenye kiti, naye alizitumia. Namba ya simu ya mtu yule alikuwa nayo. Aliuliza kama anaweza kuzirudisha kwa simu usiku huohuo. Tulibishana muda mrefu. Wengine tulisema fedha ni fedha, mradi zifike. Bibi mmoja, mkubwa wetu kwa umri, alikataa. Alisema simu itarudisha fedha lakini haitaomba msamaha, na kwamba mwenye mali ana haki ya kumwona aliyemkosea na kumkasirikia akitaka. Kijana alikwenda Biharamulo kwa basi la alfajiri, akiwa na fedha mfukoni na nauli aliyochangiwa na ushirika.